Upepo wa Kwenye Tenki

Maboksi ya spika ya kwaya yalirudi Makambako Jumatatu asubuhi, juu ya pikapu, yamefunikwa turubai na kukazwa kamba kama mbuzi wa kupeleka mnadani. Aliyeyaleta ni Konsolata, anayeongoza sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu, kule upande wa Uwemba. Hakushuka. Alikaa mbele na dereva, kioo amekiteremsha kidogo, akaongea na mimi kupitia ule upenyo.

"Kamwene, mama Emerensiana."

"Kamwene. Mbona hushuki? Chai iko jikoni."

"Niko sawa hapa hapa, mama. Tumerudisha maboksi ya spika na lile la amplifaya. Tunaomba mtoe hiyo leza, hiyo ngozi ya plastiki mliyoyafunikia. Mtupe mbao zetu, tutazipaka rangi wenyewe."

Mjukuu wangu Jenifer akatoka ndani na bunduki ya pini mkononi, mpira wa upepo unamfuata nyuma kama nyoka. Alikuwa katikati ya kukifunga kiti cha mtu kwa sponji na kitambaa. Konsolata alipomwona, akapandisha kioo. Nililiona hilo kwa macho yangu. Mtoto aliyebatizwa mbele yake anapandishiwa kioo kama mwizi wa stendi.

Jenifer akagonga kioo kwa kidole. "Shangazi, leza imebanduka?"

"Haijabanduka."

"Ina mikunjo?"

"Haina."

"Sasa tatizo ni nini?"

Konsolata akamtazama dereva, dereva akatazama barabara. Halafu akateremsha kioo tena, nusu. "Jenifer, mashine yako inafunga majeneza. Nilipita hapa wakati wa mvua nikaliona moja mlangoni kwako, limelazwa juu ya mabenchi. Mimi mwenyewe, sikuambiwa. Sasa niambie. Jembe likichimba kaburi, linaoshwa kabla halijarudi shambani. Wewe mashine yako uliiosha na nini?"

"Niliipangusa."

"Ulipangusa nje. Na huo upepo ulio ndani ya tenki?"

"Kila jioni nafungua koki ya chini, unatoka wote. Kesho yake kompresa inavuta mwingine, wa hapa hapa nje."

"Unaingia tenki lile lile."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi umejijibu. Upepo wa maiti umeupigilia kwenye spika zetu, ndiyo maana tangu zije maikrofoni inapiga kelele kama mtu anayelia. Sisi tuna sikukuu ya mtakatifu somo wetu mwezi huu."

Wakashusha maboksi, au niseme dereva alishusha peke yake, maana Konsolata hakutaka kuyagusa. Pikapu ikaondoka kuelekea njia ya Njombe. Jenifer akabaki amesimama na ile bunduki, kidole bado kiko pale pa kubonyezea.

Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja mvua, nimengoja watoto wa watu watoke jandoni na jeshini, nimengoja treni ya kwenda Zambia iliyosemwa inakuja asubuhi ikaja siku nyingine. Hasira nikiipata huwa naiweka chini kwanza, naizunguka, naitazama. Ile ya siku hiyo haikukaa chini.

Niwaambie ilikuwaje, kwa sababu kazi ile naijua, naifanya pamoja na Jenifer. Yeye ndiye mpigaji, mimi ndiye mvutaji. Leza ikija kwenye baridi ya Makambako inakuwa ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka, kwa hiyo tunaipasha kwanza moto kidogo, naikunjua karibu na jiko la mkaa mpaka inalegea. Jenifer anapaka gundi kwenye boksi, tunalaza leza. Kisha mimi navuta kwa mikono miwili, kwanza katikati ya upande, yeye anapiga pini, ta, ta. Tunageuza, navuta upande wa pili, anapiga. Kona ndiyo tunamalizia, maana ukianza na kona leza inakuchekea, inakunja uso mahali usipotaka. Pini zote zinaingia nyuma, mtu akitazama mbele anaona boksi jeusi linang'aa bila hata alama. Maboksi ya kwaya tuliyafanya hivyo. Lile la amplifaya tuliliachia matundu yake ya kupumulia nyuma, tukayazungushia leza kama pindo la gauni. Nilijisikia vizuri nilipoyaona.

Na jeneza lile. Lile jeneza lilikuwa la Cresensia.

Cresensia alikuwa rafiki yangu. Shamba lake na langu kule Uwemba yalitenganishwa na mfereji tu, na mfereji wenyewe tulikuwa tunauzibua pamoja. Katika kwaya ile ile yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza, miaka yote, mpaka kifua kilipomkataa. Alifia hospitali. Mwanawe wa kwanza, Bonaventura, ananunua mahindi hapa Makambako na ana nyumba Njombe mjini, na ndiye mwenyekiti wa kwaya hiyo ninayowaambia. Mama yake alipofariki, alikuja kibandani kwetu, mvua inamtiririka usoni, kwenye pikapu amebeba jeneza alilolipata kwa haraka. Kwa nje lilipendeza. Ndani mbao tupu, na misumari imechungulia.

"Dada Jenifer," alisema, "mama asilale hivi."

Jenifer akasimamisha kazi zote. Tukaliweka juu ya mabenchi pale mlangoni, kwa sababu ndani halikuingia. Alipunguza nguvu ya upepo, maana mbao za jeneza ni nyembamba na pini ikipita na nguvu inatokea upande wa pili. Tukaweka sponji chini, tukaja na satini nyeupe. Mimi nilivuta. Nilimvutia rafiki yangu kitambaa mpaka kikawa hakina hata mshipa. Pale kwa kichwa Jenifer alikunja mikunjo midogo midogo kama jua linapochomoza, hakuna aliyemwomba. Tulipomaliza, Bonaventura alitushika mikono, akalia. Hatukutaka kitu kwake. Nani angetaka?

Kwenye mazishi, alipopewa nafasi ya kushukuru, alitangaza kwa sauti kubwa kwamba jeneza la mama yake limetoka Iringa, limekuja likiwa tayari na kila kitu. Nilikuwa nimekaa na akina mama, nikasikia. Jenifer akanitazama. Nikamwambia kwa macho, acha, mwenzio amefiwa. Watu wakasogea kuaga, na wengi walikigusa kile kitambaa. Konsolata alikipapasa pale kwenye mikunjo, akasema vitu vya Iringa ni vingine kabisa.

Kwa hiyo mambo yote mnayo. Konsolata aliliona jeneza Makambako, halafu akaliona Uwemba, na hakujua kwamba ni moja. Tuliojua ni mimi, Jenifer na Bonaventura. Na kwaya ilipokaa kuamua maboksi yarudishwe, mwenyekiti wa kikao alikuwa nani? Angesema neno moja tu. Upuuzi wa Konsolata ningeuvumilia, Konsolata anaogopa hata bundi wa kuchora. Lakini yule kijana alikaa kimya, akaandika azimio.

Maneno hayakuishia kwenye maboksi. Kabla ya wiki kufika katikati, mwenye kile kiti alikuja kukichukua kikiwa nusu uchi, sponji inaonekana. Akasema mkewe ni mjamzito, tumwelewe. Mama wa nyumba ya wageni kule karibu na stendi, aliyetuahidi kazi ya kufunga vichwa vya vitanda vyake vyote, akapita upande wa pili wa barabara. Malori yanapita, vumbi linatuingia, kompresa imekaa kimya kama kuku anayeatamia mayai mabovu.

"Bibi," Jenifer akaniambia, "kama kwaya imeyakataa, hapa hakuna mtu atakayeleta kazi. Nikifika mwisho wa mwezi hivi, nafunga. Narudi kwenye chai."

Alisema kama mtu anayesema atarudi dukani kufuata chumvi. Mashine ile aliipata kwa kuchuma chai, vidole vikaota gamba. Nilimpaka mimi mwenyewe mafuta ya ng'ombe. Sasa arudi huko kwa sababu ya nini, kwa sababu alimtandikia vizuri mama wa mtu?

Nikapanda gari nikaenda Njombe.

Bonaventura alinikuta nimeketi barazani kwake. Alitaka kuingiza salamu ndefu, habari za shamba, habari za miguu yangu. Nikamwachia azimalize.

"Bona," nikasema, "umekuja kwetu unalia, tumekupangusa. Mbona umetuachia uchafu?"

"Mama, mimi sikusema neno baya hata moja."

"Ndiyo. Hukusema hata moja."

Akakaa kwenye ngazi, chini yangu, kama alipokuwa mdogo. Akaniambia kwa sauti ya chini. Ndugu wa Njombe na wa Dar walikuwa wanamtazama, yeye ndiye mkubwa, wote walijua ana biashara. Alitaka ionekane mama ameheshimiwa. Neno Iringa lilimtoka tu, na likishatoka unalirudishaje? "Sasa nikisema limefungwa kwenye kibanda cha sofa Makambako, watasema nilimzika mama kama mzigo."

"Kwani lilifungwa vibaya?"

"Hapana. Lilifungwa vizuri kuliko..." Hakumalizia.

"Basi kaseme hivyo hivyo. Jumamosi kuna mazoezi. Mimi na Jenifer tutayaleta maboksi. Utasimama, utasema."

"Nitasema, mama."

"Kwa mdomo wako."

"Nitasema. Nakuapia kwa mama."

Nilimwamini. Na nilikuwa na sababu yangu ya kumwamini, kwamba sikutaka kusema mimi. Kumwanika Bonaventura ni kumwanika Cresensia. Mwanamke akishazikwa, watu wasianze tena kulifungua jeneza lake kwa midomo. Nililala kwa bintiye ndugu yangu pale Njombe, asubuhi nikarudi kwa Jenifer nikamwambia ameahidi. Jenifer akasema, "Haya." Akayapangusa maboksi vumbi.

Jumamosi tukafika kigangoni mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, wanakwaya wamejifunga mashuka na makoti. Tuliyashusha maboksi tukayapanga mbele, pembeni ya kinanda. Hakuna aliyesaidia. Walitazama tu, wengine wakasogeza mabenchi nyuma kidogo, kama yale maboksi yanaweza kuwarukia. Kijana mmoja wa besi, Wiliam, akanong'ona kwa sauti ambayo alijua tunaisikia, "Msiyaamshe."

Wakacheka. Jenifer akajifanya anakaza kamba ya kiatu.

Bonaventura akasimama. Amevaa koti zuri. Akakohoa.

"Ndugu wanakwaya," akasema, "sisi ni watu wa amani. Mafundi wetu wamekuja, na mimi nimekaa na mama hapa tumeongea vizuri. Nimeona njia. Tutamwomba Padre aende Makambako aisafishe ile mashine kwa maji ya baraka. Ikishasafishwa, na maboksi nayo yakisafishwa, mambo yatakuwa yamekwisha, na Jenifer ataendelea na kazi zake. Tusilaumiane."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Konsolata akasema hilo ni wazo la busara. Hata Jenifer, mtoto wa watu alikuwa amechoka, akasema, "Mimi sina neno. Isafishwe."

Mimi sina ugomvi na maji ya baraka. Tunabariki mbegu, tunabariki pikipiki. Lakini hakusema ibarikiwe. Alisema isafishwe. Nikainuka.

"Mwenyekiti," nikasema, "isafishwe uchafu gani?"

"Mama, si tunaelewana."

"Mimi sielewi. Nieleweshe."

"Ule... wa jeneza, mama."

"La nani?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, tukasikia shoka. Bonaventura alinitazama kwa macho yale yale ya mama yake, macho ya kuomba. Nikamngoja. Nilimpa nafasi kubwa, Mungu anajua, ya kumtosha mtu kuvuka mto. Angesema "la mama yangu," na mimi ningekaa chini.

"La maiti tu, mama," akasema. "Haijulikani."

Hapo ndipo nilipofunguka.

"Haijulikani," nikasema. "Aliyekubeba mgongoni mpaka misheni kukuanzisha shule, haijulikani. Aliyeuza kondoo wake ukapata mtaji wa hayo mahindi, haijulikani. Haya, mimi namjua. Maiti ile ilikuwa Cresensia. Jeneza lile halijatoka Iringa, Iringa wala halijaiona. Lilikuja kibandani kwetu juu ya pikapu yako, mbao tupu, na wewe umelowa, unalia, unamwita huyu mtoto dada. Huyu ndiye aliyepiga pini. Mikono iliyovuta kitambaa ni hii. Sasa muisafishe. Anzeni na mikono yangu, maana ndiyo iliyokuwa karibu naye."

Nikawanyooshea hiyo mikono, viganja juu.

Konsolata akaacha shuka lake likaanguka begani. "Bona," akasema. "Ni kweli?"

Bonaventura akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Nakuuliza wewe. Ile mikunjo pale kwa kichwa, ilipigwa Makambako?"

"Ndiyo," akasema.

"Na mimi nikasimama mbele za watu nikasifu Iringa. Na ukakaa mwenyekiti, ukaniacha niende na pikapu kumtukana mtoto, kwa jeneza la mama yako." Akageukia wenzake. "Mlimsikia? Haijulikani. Cresensia haijulikani."

Kina mama wakaanza kusonya, mmoja mmoja, kuanzia benchi la nyuma. Nilisikia mtu akisema ningekuwa mimi ningefufuka nimtie kofi. Bonaventura akajaribu kusema yalimtoka tu, hakuna aliyemsikiliza. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nawaza kwamba jina la rafiki yangu sasa linapita kwenye midomo yote ile, na nililitoa mimi.

Wiliam, mdomo wake haujui kufungwa, akasema, "Kwa hiyo huo upepo wa kwenye tenki ni wa Cresensia."

Nilidhani Konsolata atamrukia. Akatulia, akaufikiria. Watu wale, niwaambie ukweli, ile habari ya tenki hawakuiacha. Hakuna aliyesema tumekosea, upepo ni upepo tu. Konsolata alisema hivi: "Kama ni wake, ukae humo humo. Tangu aondoke sauti ya kwanza inaimba kama kuku amebanwa na mlango. Labda atatusaidia. Na maikrofoni ikilia, tujue tumeharibu wimbo."

Hapo wakacheka wote, na kicheko kilikuwa cha watu waliopona. Mara watu wakainuka, kila mmoja anataka kushika boksi. Mmoja anapapasa leza, anasema tazama kona zilivyokaa, mwingine anatafuta waya. Konsolata mwenyewe akasema amplifaya iwekwe juu ya meza, tuanze, mchana unakwisha. Mambo yamekwisha. Mtu angedhani ni upepo ndio uliotukosea na sasa tumeusamehe.

Jenifer alikuwa bado amechutama pale na kamba ya kiatu. Hakuna aliyemtazama.

Nikaenda nikakaa juu ya boksi la spika, lile kubwa. Nikavuta kanga yangu, nikakunja mikono.

"Mama, tunaomba tulisogeze," Wiliam akasema.

"Sogeza."

"Umelikalia."

"Najua nilipokaa."

"Bibi," Jenifer akaniita kwa sauti ndogo, "inuka bwana. Wanataka kuimba."

"Waimbe. Nimemziba nani mdomo? Boksi hili limefunikwa na mtu, na mtu huyo ana jina. Mlimpandishia kioo. Mmefanya watu wampite upande wa pili wa barabara. Wateja wake mmewaambia ana upepo wa maiti. Halafu mnataka spika. Mtu akitaka spika, aende pale alipo, amwambie."

"Amwambie nini?" mmoja akauliza.

"Alichomsema. Chote. Halafu aombe radhi."

Wakatazamana. Konsolata ndiye aliyeanza, na kwa hilo nampa haki yake. Alimwinua Jenifer kwa mkono, akamwambia, "Nilisema unafunga wafu kwenye viti vya watu. Nilisema kwenye jumuiya, nikasema sokoni Makambako, nikasema kwa yule mama wa nyumba ya wageni. Nitapita kote huko tena. Unisamehe, mwanangu." Jenifer akaitikia, machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono wenye gundi. Wakaja wengine. Mambo mengine niliyosikia pale sikuwa nimeyajua, na kila nililolisikia lilinikalisha vizuri zaidi. Wiliam alikiri kwamba alimwita Bibi Harusi wa Makaburi. Akaomba radhi huku akiangalia juu, lakini aliomba.

Bonaventura alikuwa amesimama mlangoni. Ukungu ulikuwa nyuma yake, angeweza kuondoka na hakuna ambaye angemfuata. Nikamtazama. Sikumwita.

Akaja. Alichutama mbele ya Jenifer, mtu mzima na koti lake, mbele ya binti mdogo kwake. Akasema kitu ambacho hata Jenifer hakukisikia vizuri, ikabidi binti ainame kumsogezea sikio.

"Hapana," nikasema. "Kwa sauti ile uliyotangazia Iringa."

Akafumba macho. Halafu akasema, na ilisikika mpaka kwa yule wa kuni, maana shoka lilinyamaza: "Jeneza la mama yangu Cresensia lilifungwa na Jenifer, Makambako, bure, siku ya mvua. Nilimficha. Nikamwacha atukanwe. Naomba radhi."

Jenifer akamshika mkono, akamwinua.

Mimi nikainuka pia, nikawaachia boksi lao. Hasira haikuwa imekwisha. Nilitoka nikaenda nje kwa mpasua kuni, nikamwomba kigoda, niiweke chini niitazame.